Mstari Ambao Mwalimu Alitwambia Tuupuuze

Niseme wazi kwamba Mwalimu alinichosha. Siku hizi watu wakimtaja pale kanisani kwetu Kingstanding, mtaa wa Birmingham, husema ni mama mpole, nami hunyamaza kwa heshima, lakini moyoni najua hawajawahi kuketi naye mbele ya kompyuta iliyogoma. Upole wake ulikuwa wa kukwambia "naomba" na "tafadhali" mpaka unajikuta umefanya kile ulichoapa hutafanya. Yeye ni Mtanzania, mimi Mkenya. Kwetu neno "naomba" ni ombi, unaweza kulikataa na maisha yakaendelea. Kwake lilikuwa amri iliyovaa nguo ya kutokea.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui, na sikuuliza. Sisi tulimkuta akiwa Mwalimu tayari. Alikuwa amesomesha hisabati sekondari huko kwao, na hapa Birmingham alikuwa akifanya kazi jikoni katika shule ya msingi, akiwapakulia watoto viazi na njegere. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake halisi. Alipewa chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa kule Shard End, chenye meza za kukunja na hita iliyonuka vumbi lililoungua, na humo ofisi za mjini zilimletea kompyuta zao kuukuu, zile ambazo mfumo mpya ulikuwa umezikataa kwa sababu ya uzee. Mwalimu alizifuta, akaziwekea Linux, mfumo wa bure usiobagua mashine za zamani, akatugawia sisi wafanyakazi wa care, tunaotunza wazee majumbani, wanafunzi, na akina mama waliofika nchini karibuni. Hakutaka chochote kutoka kwetu isipokuwa jambo moja: huondoki na kompyuta mpaka uisome inavyoamka.

Kompyuta ya Linux ikiwashwa huandika. Maandishi meupe hupita kwenye skrini nyeusi kwa kasi, mengi yakiwa habari za kawaida, mengine yakiwa maonyo, halafu yote huhifadhiwa mahali panapoitwa logi. Watu wenye akili timamu hawasomi logi kama mashine inafanya kazi. Mwalimu alikuketisha, akakufungulia logi ya mashine yako, akakuomba usome kwa sauti tangu juu. Ulisoma Kiingereza kilivyoandikwa, kisha ukaeleza kwa Kiswahili chako ulichoelewa, uwe wa Mombasa, Bukavu au Tanga. Hakukuwa na kuruka. Mama mmoja aliona neno "error" akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na Mwalimu alisubiri amalize, akasema amina, akamwomba asome mstari unaofuata.

"Nani anasema?" Hilo ndilo swali lake. Kabla hujaniambia kuna shida gani, niambie nani anasema.

Alitufundisha kwamba ndani ya kila kompyuta kuna programu ndogo iliyowekwa na kiwanda, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Mafundi huiita firmware. Yeye aliiita mwenye nyumba. Linux ilikuwa mpangaji. Mpangaji akiingia, mwenye nyumba humpa maelezo: vyumba viko hivi, taa ziko pale, mlango ule usiguse. Sehemu kubwa ya maonyo tuliyokuwa tunayasoma ilikuwa ni mpangaji akigundua kwamba maelezo hayalingani na nyumba. Mwenye nyumba amesema kuna betri mbili, mpangaji anaona moja. Mwenye nyumba ameelekeza chumba ambacho hakipo. Sisi tuliopanga nyumba Birmingham hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila mtu mle chumbani alikuwa na ukungu ukutani na mtu wa kumpigia simu asiyepokea.

Akayagawa maonyo hayo. Lipo lalamiko, na kipo kilio. Lalamiko ni mpangaji kunung'unika tu, lakini amelala na amekula. Kilio ni paa linavuja. Lalamiko unalisoma, unalielewa, unaliacha. Kilio unakishughulikia siku hiyo hiyo. Tuliyakariri hayo hadi tukawa tunataniana nayo nje ya darasa. Mtu akilalamika kuhusu shifti, mwenzake humwuliza kama ni lalamiko au kilio.

Basi katika kugawa huko, Mwalimu alikosea mstari mmoja. Mashine nyingi zilizotoka kwenye zile ofisi zilikuwa nao. Ulisema kuna uwezo fulani wa kichakataji, ubongo wa kompyuta, ambao umezimwa na firmware: uwezo wa kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta. Mwalimu aliutazama mara ya kwanza, akafikiri, akasema, "Hilo ni lalamiko tu. Mpangaji anataka chumba asichokihitaji." Tukaendelea. Tangu hapo kila aliyefika kwenye mstari huo aliusoma haraka haraka na darasa zima likaitikia, "Lalamiko!" Nami niliitikia kwa sauti kuliko wote. Ni mstari huo ulionifanya nimjue huyu mama ni mtu wa namna gani.

Lakini nisimfanye malaika. Mwalimu aliyesoma kila mstari wa kompyuta hakusoma kitu kingine chochote. Bila kusoma vibandiko, aliwahi kutupikia chai kwa chumvi na kuinywa yeye mwenyewe hadi mwisho ili asionekane amekosea. Boila ya gesi ya kupashia nyumba yake joto ilikuwa inaonyesha herufi na namba kila inapozimika, na yeye aliipiga kwa kandambili. Nilimwuliza siku moja, "Mwalimu, na hiyo nayo si inasema kitu?"

"Inasema," alinijibu, "lakini inasema na fundi wa gesi. Mimi hainijui."

Kiswahili changu alikidharau waziwazi. Nikisema "hii kitu imekataa," alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Kitu hiki kimekataa, mwanangu. Ukiipa mashine amri ovyo ovyo hivyo, itakutii?" Nilimwambia kompyuta haijui ngeli. Akasema ndiyo maana inatuonea sisi tusiozijua. Mama Neema, Mcongomani wa Bukavu ambaye alikuwa mwanafunzi wake mpendwa, alicheka mpaka akapaliwa, akasema, "Mwalimu, na yangu je? Yangu si ndiyo inakufa kabisa?" Mwalimu akasema ya Mama Neema ni ya kwao, ina nyumba yake, ila hii ya Nairobi haina hata anwani.

Alikuwa na ukaidi ambao ukiuona kwa mara ya kwanza unadhani ni ujinga. Kompyuta ya mke wangu ilikuwa inajizima nyumbani. Ukiipeleka Shard End, haijizimi. Logi ilisema imejizima kwa sababu ya joto, na Mwalimu akashika kwamba mwenye nyumba amepangilia feni vibaya. Jumamosi baada ya Jumamosi aliingia kwenye mipangilio ya firmware, akabadilisha kitu kimoja, kimoja tu, akaturudisha nyumbani tukajaribu. Nilimwambia abadilishe vyote kwa pamoja tumalizane. "Halafu ikipona, tutajua dawa ipi imeiponya?" Nikasema mimi sitaki kujua, nataka ipone. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, ile ya mtu anayemwona mwenzake anakula bila kunawa.

Mwisho akaja nyumbani kwetu kuona inavyotumika. Mke wangu hufuma vitambaa, na nyumba ya Mkenya bila vitambaa ni kama haina mama. Kipo juu ya redio, vipo kwenye migongo ya makochi, kipo juu ya mikrowevu. Kompyuta ilikuwa imewaka kwenye kabati la vyombo, imekalia kitambaa na kufunikwa kingine chenye maua pembeni, ili vumbi lisiingie. Mwalimu alisimama akaitazama. Aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, yaani mke wangu, akakiinua kile cha juu kwa vidole viwili, akashika kompyuta upande wa feni, akatoa mkono haraka.

"Mama, kitambaa ni kizuri sana," alisema. "Naomba kikae kwenye redio."

Kisha akaketi akacheka, machozi yakimtoka, akajipiga paja. "Jumamosi zote hizi nimemsingizia mwenye nyumba wa watu!" Wiki iliyofuata alilisimulia darasa lote, na hakujificha hata kidogo katika hadithi hiyo. Akaongeza kwenye maswali yake ya kwanza kwa kila mwenye mashine: nyumbani imekaa juu ya nini, na imefunikwa na nini. Utashangaa ni wangapi walitazama chini.

Sasa nifike kwenye mstari wenyewe.

Nilikuwa nimechoka na care. Si wazee, wazee niliwapenda, wengine nawaota mpaka leo. Mgongo ndio ulikuwa unanikataa, na kuamka kabla ya ndege, na kuingia nyumba ya mtu kwa dakika ulizopangiwa na kutoka akiwa bado anakueleza habari za mtoto wake. Nilijiandikisha chuo, kozi ya jioni ya mitandao ya kompyuta. Meneja wangu alinipangia shifti upya kwa shingo upande, akanionya kwamba hilo litakuwa la mwaka mmoja tu. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo: ndani ya kompyuta yako uunde kompyuta nyingine kadhaa za kufikirika, uziunganishe, zizungumze. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye mashine za chuo mpaka nikawa naweza kufanya nimefumba macho. Siku ya mtihani tukaambiwa kila mtu atumie yake.

Yangu ilikataa. Niliwasha kompyuta ya kwanza ya ndani, ikaniambia haiwezekani, uwezo umezimwa na firmware. Maneno yale yale. Niliyatazama nikasikia darasa la Shard End likiitikia, "Lalamiko!" Mhadhiri alikuja, akainama, akasema hiyo ilipaswa kushughulikiwa kabla ya kuja. Akanipa wiki moja, na wiki ikipita, nirudie mwaka. Mwaka ambao nisingepewa.

Jumamosi hiyo niliingia ukumbini sikusalimia mtu. Najua Mwalimu alitegemea shikamoo, na sikumpa. Niliweka kompyuta mbele yake nikasema kwa sauti ambayo chumba chote kilisikia, "Mwalimu, si ulisema hii ni kulalamika tu? Sasa ona. Nimeaibika mbele ya class yote. Lecturer amenipa one week, nikishindwa narudi kuosha watu mpaka mgongo uvunjike. Lalamiko, eh? Lalamiko!"

Mama Neema alishika mdomo. Mwalimu alivaa miwani.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Naomba keti. Tusome."

Nilikuwa tayari kurusha kiti, lakini niliketi. Nikasoma tangu juu, nimeuma meno. Tulipofika kwenye mstari wenyewe, hakuna aliyeitikia. Aliuliza, "Nani anasema?" Nikasema mpangaji. "Anasema nini?" Nikasema, "Anasema kuna chumba, na mwenye nyumba amekifunga." Akarudia taratibu maneno hayo, amekifunga, amekifunga, kama anayeonja chakula.

"Hajasema hakipo," alisema.

"Hajasema hakipo."

Akazima mashine, akaiwasha huku akigonga ile batani ya kuingilia kwenye mipangilio ya firmware. Tulitafuta ukurasa kwa ukurasa, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha. Kilikuwa kwenye ukurasa wa usalama, kimeandikwa kwa jina tofauti kabisa na lile la kwenye logi, na mbele yake neno la kuonyesha kimezimwa. Zile ofisi zilikuwa zimekizima kwa sababu zao. Akaniomba nikiwashe mwenyewe. Nikakiwasha, nikahifadhi, mashine ikajiwasha upya. Nikasoma logi. Mstari ulikuwa pale pale, haujabadilika hata herufi.

Hapo nilikata tamaa, na ninasema wazi, machozi yalinilenga. Nilimwambia basi, nitaazima mashine ya mtu. Mwalimu aliingia tena kwenye mipangilio kuhakikisha kitu kimehifadhiwa, na kilikuwa kimehifadhiwa. Akatoka. Akasoma. Mstari upo. Alivua miwani akaifuta kwa kanga, akakaa akiangalia ukuta kwa muda mrefu hivi kwamba mtu akaanza kuchemsha maji ya chai.

"Umeizima," aliuliza, "au umeiacha ijiwashe upya?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Sijui. Naomba izime kabisa. Toa na waya."

Nikaizima, nikatoa waya, na kwa amri yake nikatoa na betri. Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za mgongo wangu, na nikamwambia. Kisha tukairudishia kila kitu, ikawaka, nikasoma tangu juu kwa sauti, na nilipofika mahali pake mstari haukuwepo. Nilisoma tena. Haukuwepo. Mama Neema alipiga vigelegele akakumbatia kompyuta badala ya kunikumbatia mimi. Baadaye chuoni ndipo nilipojifunza kwamba mashine nyingi hushikilia mpangilio huo mpaka zikatiwe umeme kabisa. Siku ile Mwalimu hakujua, alikuwa anakataa tu kuacha.

Mtihani niliufanya wiki iliyofuata, nikapita, na ndiyo sababu leo naamka jua likiwa limeshatoka. Lakini kilichonibaki kichwani ni alichofanya Mwalimu kabla hata vikombe vya chai havijakusanywa. Alisimama mbele ya chumba, mikono ameishika mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Jamani, naomba mnisikilize. Huu mstari nimewafundisha vibaya. Niliwaambia ni lalamiko kwa sababu mimi sikuwa na haja nao. Si lalamiko. Ni mlango uliofungwa, na mlango ukifungwa mtu anaambiwa, ili siku akiutaka ajue pa kuanzia. Nimekosa. Naomba radhi. Sasa kila mtu awashe yake."

Kila mtu aliwasha yake, na kila mlango ulifunguliwa, pamoja na wa bibi mmoja aliyetumia kompyuta yake kuangalia mahubiri tu. Nilidhani yamekwisha. Mimi nilikuwa nimeshaponya donda langu, na hasira yangu ilikuwa imegeuka aibu kwa namna nilivyomfokea mama wa watu.

Hayakuwa yamekwisha. Wengi walikuwa wameshaondoka na mashine zao, na maneno yake wameyabeba kichwani. Mwalimu akaanza kuwafuata. Nilimshauri atume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, akatuma. Watu wakajibu kwa vile viganja vya kuomba dua, na hakuna aliyewasha kitu. Basi akawa anakwenda mwenyewe, baada ya kazi ya jikoni, na bisibisi yake kwenye mkoba. Mtu akimwona mlangoni bila kupigiwa simu alishtuka, akidhani ameletewa habari za msiba. Akishatulizwa, alimwambia Mwalimu kwamba hauhitaji huo uwezo, hajui hata ni wa nini.

"Sijaja kwa sababu unauhitaji," aliwajibu wote. "Nimekuja kwa sababu nilikwambia."

Nilikasirika tena, safari hii kwa niaba yake. Niliona anajidhalilisha. Nilimwambia walimu duniani kote wanakosea na hawazunguki mitaani, na kwamba mstari mmoja kwenye kompyuta ya zamani haujamuua mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu aliyehama, ambaye yeye hana anwani yake.

Miaka ikapita. Mimi nikapata kazi kwenye ofisi moja mjini, ya kutunza mitandao yao. Chumba cha nyuma kule Shard End kikachukuliwa kwa shughuli nyingine, na Mwalimu akastaafu kutoka jikoni. Tulisalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Halafu Jumamosi moja ya baridi, nikitoka kununua mkate hapa Kingstanding, nikamwona amesimama kwenye kona, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, anaangalia majina ya mitaa. Shikamoo yangu ilimfikia kabla yangu. Alikuwa amepungua mwili, na mkoba ulikuwa ule wa bisibisi.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Mama Neema. Alihama bila kuniambia. Ni yeye tu amebaki."

Sikuhitaji kuuliza amebaki katika nini. Siku ile ya chai mashine ya Mama Neema haikuwa ukumbini, alikuwa ameiacha nyumbani, na baadaye uhamisho na watoto na kazi vikamchukua. Nilimwambia, "Mwalimu, Mama Neema alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake. Alipiga vigelegele! Rudi nyumbani, ni baridi."

"Alisikia kwamba yako imepona," alisema. "Kwamba mimi nilikosea, sijui kama alisikia. Alikuwa anakumbatia kompyuta. Huu mtaa ulioandikwa kwenye karatasi hii, unaujua?"

Niliujua. Nilikuwa na mkate mkononi na mpira wa kuangalia, na nilimpeleka.

Mama Neema alifungua mlango akapiga kelele ya furaha. "Mwalimu! Eh, Mwalimu wangu! Muingie, muingie, juu ya nini munasimama inje?" Tukavuliwa makoti, tukaketishwa, chai ikaja na maandazi. Mwalimu aliuliza hali za watoto, kazi, afya, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wake. Kisha akauliza ile kompyuta.

"Ile? Ilikufa zamani, Mwalimu. Mutoto alimwanga chai juu yake."

Nilishusha pumzi. Hakuna mashine, hakuna mlango wa kufungua. Nikamwangalia Mwalimu nikidhani ataaga.

"Lakini masomo yako haikukufa!" Mama Neema aliendelea, macho yaking'aa, na wa- yetu mdomoni mwake ikiwa ba- ya kwao Bukavu. "Miye sasa nafundishaka bamama ba kanisa yetu, kule Alum Rock. Vraiment, kweli kabisa! Tuko na mashini za kupewa, sawa zile. Banasoma mustari kwa mustari, kama vile weye ulitufundisha. Na bakifika pa ule mustari wa firmware, ule wa kuzimwa, nabaambia hapana kuogopa, iko nalalamika tu. Sasa bo bote banaitika: Lalamiko! Ungeona, Mwalimu, ungefurahi."

Sikuweza kumtazama Mwalimu usoni. Nilitazama mkono wake uliokuwa umeshika kikombe. Nilitaka kumwokoa, nikaanza, "Mama Neema, Mwalimu alikuwa anapita tu, akasema akusalimu..." Mkono ule uliweka kikombe chini, ukanigusa begani.

"Mama Neema," alisema, "naomba radhi. Huo mstari nilikufundisha vibaya."

Akamweleza. Chumba kipo, kimefungwa, kinafunguliwa wapi, na kwa nini mashine lazima izimwe kabisa. Akamweleza na habari yangu, wiki ile moja, mwaka ambao ningeupoteza. Hakufupisha na hakujipunguzia. Furaha ilimtoka Mama Neema usoni polepole, na mwisho akabaki amekaa na sahani ya maandazi mapajani.

"Sasa bale bamama?" aliuliza. "Na kuko benye banafundisha benzao."

Mwalimu alifumba macho. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza, mama mzee aliyezunguka mji huu miaka na kufika kwenye mlango wa mwisho, kumbe nyuma yake kuna milango mingine. Niliumia. Nilisema moyoni kwamba sasa ataacha, na kwamba akiacha hakuna mtu duniani mwenye haki ya kumlaumu.

Alifumbua macho. "Wanakutana lini?"

"Leo. Saa kumi."

"Vizuri." Akainuka kwa kushika mkono wa kochi, akatafuta koti lake. "Twende wote. Mimi ndiye niliyekwambia wewe, na nimeshasema. Wao waliambiwa na wewe. Utaanza wewe, mimi nitafuata."

Nilimpigia mke wangu nikamwambia mkate utachelewa. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi, anajaribu maneno kwa sauti ya chini, akiyaanza na kuyaacha.

"Bamama," alisema, "ule mustari, nilibafundisha vibaya. Ilikuwa juu ya... Hapana. Nilibafundisha vibaya. Munisamehe."

"Hivyo hivyo," Mwalimu alimwambia, akimshikia mlango. "Usiongeze kitu."